Nimezaliwa Nairobi, baba kazaliwa Nairobi, lakini kitambulisho kinasema kwetu ni kwingine (uzi mrefu)

MLETA UZI

Wadau, salaam. Jambo hili nimekaa nalo tangu mwaka 1999, na juzi limenirudia upya kwa sababu kijana wangu anakaribia miaka 18. Naomba mnivumilie, ni refu.

Mwaka huo nilikwenda ofisi moja ya usajili hapa mjini kuchukua kitambulisho. Nilifika kabla ya saa moja asubuhi, foleni ikiwa tayari imezunguka ukuta. Nilipofika dirishani nilimkuta karani, mama wa makamo, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua.

"Kwenu ni wapi, kijana?"

"Kaloleni, mama."

"Kaloleni ndiko mnakokaa. Nimekuuliza kwenu."

"Mimi nimezaliwa Pumwani. Baba yangu amezaliwa hapo hapo Kaloleni."

"Na baba yake?"

Nikataja kijiji kimoja huko Magharibi, mahali nilipokuwa nimelala usiku usiozidi minne maishani, na yote minne ilikuwa ya matanga. Akaandika bila kuinua macho: wilaya, tarafa, lokesheni, lokesheni ndogo. Kisha akanishika kidole, akakibingirisha kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi. Nikatoka pale na wino mkononi, nimesajiliwa kuwa mtu wa mahali nisipojua hata njia ya kwenda kisimani.

Simlaumu yule mama. Alijaza fomu aliyopewa. Ninachouliza miaka yote hii ni nani aliyeiandika fomu mara ya kwanza, na alitaka nini.

Babu yangu alikuja Nairobi mwaka 1938, kijana wa miaka kumi na saba, akiwa na kipande shingoni. Wazee wenu watakumbuka. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita na kuendelea alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake, chifu wake na alama za vidole, na juu yake mwajiri aliandika lini amemwajiri, kwa mshahara gani, na lini amemwachilia. Karatasi ilikaa ndani ya kijaluba cha chuma kilichofungwa kamba. Ukiacha kazi kabla mwajiri hajaweka sahihi ya kukuachilia, wewe ni mhalifu, na alama za vidole vyako ziko Nairobi zikisubiri upatikane. Mwanasiasa Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapigia kelele, pamoja na kodi na kazi ya kulazimishwa. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume waliosita, na askari wakafyatua risasi. Walikufa watu zaidi ya ishirini, yeye akiwamo, pale pale tunapopita leo tukielekea Chuo Kikuu.

Babu hakupenda kuzungumzia kipande. Alichosema ni kwamba chuma kile wakati wa baridi ya Julai kilikuwa kinauma kifuani, na kwamba usiku alikuwa akikilalia ili kisiibwe.

Sasa angalieni neno moja tu: lokesheni. Kwenye kitambulisho changu ni jina la eneo la chifu huko mashambani. Lakini Nairobi ya wakoloni lilikuwa jina la mahali Mwafrika alipotengewa kulala. Pumwani ilipoanzishwa mwaka 1922 iliitwa lokesheni ya wenyeji. Kabla yake Waafrika wa Nairobi walikuwa na vijiji vyao walivyojijengea wenyewe: Mombasa, Maskini, Kileleshwa, Pangani. Ndiyo, Kileleshwa, hii hii ambayo leo hatuwezi kulipia hata nyumba ya mlinzi. Walikaa humo watu waliofuata reli tangu ilipofika hapa mwaka 1899: Waswahili kutoka pwani, wapagazi, askari waliostaafu, na wanawake wengi waliokuwa na nyumba zao wenyewe. Mmoja baada ya mwingine vijiji vikavunjwa. Pangani ndiyo iliyokawia hadi mwisho wa miaka ya 1930, wakaambiwa wahamie kwingine. Mtaa walioelekezwa ukapata jina la Shauri Moyo. Wazee wa kule watakuelezeni kwamba jina lile ni jibu: uamuzi si wetu, basi ni shauri la moyo wako, uende usiende.

Hapo ndipo nimefikia baada ya kuwaza miaka mingi. Mji huu ulipangwa ili Mwafrika awe mgeni ndani yake. Aje, afanye kazi, arudi "kwao". Mshahara ulikuwa wa mtu mmoja, chumba kilikuwa cha mtu mmoja, na mke na watoto walitakiwa kubaki hifadhini, yaani maeneo ya mashambani yaliyotengewa kila kabila, wakilima chakula ambacho mwajiri hakutaka kukilipia. Uzeeni na ugonjwani vilevile ulirudi kijijini, usimgharimu mtu. Mpangilio huo haukufa mwaka 1963. Tunaishi ndani yake mpaka leo, na wengi wetu tunauita mila.

Naendelea hapa chini, msinikatize kwanza.

MLETA UZI

Babu alianzia Muthurwa, kwenye nyumba za reli, landi kama walivyoziita. Chumba kimoja wanaume wanne, kitanda kwa zamu, kwa sababu wawili walikuwa wa usiku na wawili wa mchana. Bibi alipokuja kumtembelea kwa mara ya kwanza, wale watatu walitoka wakalala kwa jamaa zao. Alikaa siku tano akarudi. Ndoa yao ya miaka kumi ya kwanza ilikuwa ya siku tano tano.

Mwaka 1948 akapata kazi kwa baraza la mji na kwa bahati akapewa nyumba Kaloleni. Kaloleni ilikuwa tofauti, na nataka kuwa mkweli hapa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, na wafanyakazi wakigoma, serikali ilianza kukubali kwamba mfanyakazi mwenye familia karibu hutulia zaidi. Ikajengwa mitaa michache ya watu wenye wake na watoto. Kaloleni ilipewa ukumbi, maktaba, zahanati, shule, kiwanja cha mpira na miti. Ukumbi ule ndio watu waliuita bunge, kwa sababu wanasiasa wa miaka ya 1950 walihutubia pale. Baba yangu alizaliwa humo mwaka 1953.

Lakini nyumba haikuwa ya babu. Ilikuwa ya baraza. Alilipa kodi, baba akalipa, na leo bado ni kodi, safari hii kwa kaunti. Vizazi vitatu, zaidi ya miaka sabini na mitano, na hakuna tofali moja la kusema hili ni letu. Kuna mwembe nyuma ya jikoni ambao bibi aliupanda. Mpango wowote wa kujenga upya mtaa ukitangazwa, baba hutoka nje na kuutazama mwembe ule kwanza kabla hajasema lolote.

Baba alikuwa mchanga siku ya Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, tarehe 24 Aprili 1954. Jeshi na polisi waliuzingira mji alfajiri na kuupekua mtaa kwa mtaa. Makumi ya maelfu wakakamatwa, wakapangwa kwa makabila. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa mchujoni, kisha wengi kambini, na familia zao zikarudishwa hifadhini. Sisi tulibaki kwa sababu ya kabila lililoandikwa kwenye karatasi ya babu. Jirani yetu wa mlango wa pili hakubaki. Bibi alisimulia kwamba walipomchukua, birika lilikuwa bado jikoni. Likachemka hadi likakauka, likaanza kunuka chuma, na hakuna aliyethubutu kuingia kulitoa hadi jioni. Siku hiyo uhai wako Nairobi ulitegemea "kwenu ni wapi", na nadhani watu wa mji huu walilielewa swali hilo kwa namna ambayo hawajaisahau.

Na siasa je? Chama cha KAU, Kenya African Union, kilipigwa marufuku mwaka 1953. Mwaka 1955 Waafrika wakaruhusiwa tena kuunda vyama, ila vya wilaya tu. Chama cha nchi nzima hakikuruhusiwa mpaka mwaka 1960. Fikirini jambo hilo kwa utulivu. Kizazi kilichokuja kupokea uhuru kilijifunza siasa ndani ya wilaya, na wilaya nyingi zilikuwa zimechorwa kufuata hifadhi za makabila, ambazo mipaka yake ilitangazwa rasmi mwaka 1926. Miaka mitatu baada ya 1960 wakaambiwa haya, sasa kuweni taifa. Kila baada ya miaka mitano tunashangaa kwa nini kura zinahesabika kabla hazijapigwa. Mimi sishangai tena.

Baada ya uhuru Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Victoria Street ikawa mtaa wa Tom Mboya, Hardinge Street ikawa ya Kimathi. Vizuri sana. Fomu ya yule karani ikabaki.

MDAU WA UMOJA

Mleta uzi, heshima yako, lakini hapa sikubali. Uhuru ni 1963. Zaidi ya miaka sitini tumejitawala. Singapore nayo ilitawaliwa na Mwingereza huyo huyo. Hadi lini tutamsingizia mzungu kwa uvivu wa viongozi wetu? Anayevunja kibanda cha mama mboga leo ni kanjo, askari wa mji, ana jina la huku huku na anaongea lugha yetu.

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Umoja, karibu. Kuhusu kanjo umesema kweli tupu, na ndipo ninapotaka tufike. Neno lenyewe kanjo tumelitoa kwenye jina la Kiingereza la lile baraza la mji, council. Baraza lile lilikuwa na kazi ya kuhakikisha Mwafrika asiye na kazi ya mzungu au Mhindi haonekani katikati ya mji. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1930 ilikuwa na kosa la mtu kuwa mzururaji asiye na kazi ya kueleweka. Tulipopata uhuru tungeweza kuifuta wiki ya kwanza. Hatukuifuta. Aliyeingia ofisini aliikuta rungu mezani, akaona inamfaa.

Kwa hiyo sikubishii kuhusu viongozi wetu. Mkoloni aliunda chombo, wao wakachagua kukitumia, na sisi tukakizoea. Kusema chombo kilitoka wapi hakumwondolei lawama anayekishika leo. Mimi naona kunamwongezea, maana yeye alijua kinavyouma. Babake naye alivaa kipande.

MDAU WA KIBRA

Naomba niseme kama Mnubi. Babu zetu waliletwa na Mwingereza wakiwa askari wa KAR, wakapewa msitu ule wakae. Kibra kwa lugha yetu ni msitu. Hawakupewa hati. Serikali ya kikoloni ilisema hawa si wenyeji wa hapa kwa hiyo hawana hifadhi, na serikali ya uhuru ikasema vilevile. Tulisubiri mpaka Juni 2017 tukapata hati ya ekari 288 tu, eneo lililobaki baada ya zaidi ya karne moja ya kumegwa.

Nyie mnalalamika kwamba kitambulisho kimeandikwa kijiji msichokijua. Sisi tulikuwa hatuna kijiji cha kuandika. Kijana wetu anafika dirishani, anaulizwa kwenu wapi, anasema Kibra, anaambiwa Kibra si kwa mtu. Anapelekwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa kuhojiwa kama ni Mkenya. Wenzake darasani wamepata kitambulisho kwa wiki chache, yeye anangoja mwaka, kazi inampita, chuo kinampita. Mimi mwenyewe nilibeba cheti cha kuzaliwa cha marehemu babu yangu.

MLETA UZI

Kaka wa Kibra, nimesoma maneno yako mara tatu. Asante. Umenionyesha kitu ambacho nilikigusa juu juu.

Mnawakumbuka Wamakonde? Vizazi na vizazi Kwale, walikuja kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa, watoto na wajukuu wao hawana kitambulisho. Oktoba 2016 wakaamua kutembea kwa miguu kutoka pwani kuja Nairobi kumwona rais. Wakapata vitambulisho, na wakatangazwa kabila la 43. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia nao wakatangazwa kabila la 44. Watu walisherehekea na walikuwa na haki ya kusherehekea. Lakini tazama mlango walioingilia. Hawa ni wajukuu na vitukuu wa watu waliojenga reli, waliofungua maduka ya Biashara Street na Ngara, na ili wakubalike kikamilifu ilibidi kwanza wawe kabila. Kuzaliwa hapa hakukutosha. Serikali ya kikoloni haikumtambua Mwafrika kama raia, ilimtambua kama mtu wa chifu fulani. Na sisi hadi leo, mtu asiye na chifu tunamwona kama hayupo.

MAMA WA NGONG

Mwanangu mleta uzi, mimi ni mtu mzima, nimestaafu ualimu. Nimesoma yote. Historia yako ni sahihi, lakini kuna mahali unateleza, niruhusu nikuambie kama mama.

Usiseme ushago, yaani nyumbani kijijini, ni kitu tulichopewa na mzungu. Kuzikwa karibu na wazazi wako, kujua mti uliozikiwa kitovu chako, kujua jina la mlima, hayo tulikuwa nayo kabla ya reli. Mwaka 2020 kazi zilipoisha mjini, waliokuwa na shamba la mama walikwenda wakala mihogo wakapona. Wasiokuwa nalo tuliwaona. Ukiwaambia vijana kwamba ushago ni hila ya mkoloni, watauza mashamba, na anayenunua unamjua.

MLETA UZI

Shikamoo mama. Nimekubali, na nashukuru umenirekebisha kwa upole. Niliandika kwa uchungu nikachanganya vitu viwili.

Nyumbani kulikuwepo. Alichofanya mkoloni ni kukichukua kitu chetu cha thamani na kukifanya mnyororo. Zamani watu walihama. Huko kwetu Magharibi kuna koo nzima zilizokuja kutoka kwingine, zikakaribishwa, zikaoa, zikapewa ardhi, na baada ya vizazi viwili hakuna aliyewauliza. Unaweza kuwa mtu wa mahali kwa kuzika mtu wako pale. Hifadhi ndizo zilizogandisha. Kuanzia hapo asili yako ikawa jambo la rejista, na kuhama kukawa ugeni wa milele.

Mama atakuwa anaikumbuka kesi ya S.M. Otieno. Wakili wa Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, aliyepigania uhuru tangu ujana, alitaka kumzika kwenye shamba lao Matasia, huko huko Ngong uliko wewe. Ukoo ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano. Mahakama ikaamua kwamba haijalishi aliishi mjini kiasi gani, alioa nani wala aliishi kwa namna gani: alizaliwa Mjaluo, basi mila za Kijaluo ndizo zitamzika. Alizikwa Nyalgunga Mei 1987. Siingilii nani alikuwa na haki, pande zote mbili walikuwa wafiwa. Ila majaji walikaa Nairobi, wakiwa na nywele bandia za Kiingereza vichwani, wakaeleza mila ya Mwafrika ni nini na kwamba hawezi kutoka ndani yake. Utaratibu huo wa sheria mbili, moja ya mjini na moja ya "wenyeji", si Wajaluo walioubuni.

MDAU WA UMOJA

Sawa mkuu, hoja nimeipata, sina kisirani. Swali langu la mwisho: unataka nini hasa? Fomu isiulize asili? Na mzee wako, ambaye amezaliwa hapa, yeye mwenyewe anasemaje?

MLETA UZI

Nataka fomu iulize umezaliwa wapi na unaishi wapi, ikome hapo. Kijana wa Kibra ajibu Kibra, wa Kaloleni ajibu Kaloleni, wa Nyalgunga ajibu Nyalgunga, na karani aandike. Anayetaka kumweleza mwanawe ukoo na chimbuko amweleze nyumbani, jioni, kwa lugha yake. Na wapangaji wa mitaa hii ya zamani ya Eastlands wapewe haki juu ya nyumba kabla haujaja mwekezaji wa maghorofa. Hayo mawili tu yangetosha kwa maisha yangu.

Kuhusu mzee, nilimuuliza Jumapili. Babu alifariki mwaka 1994, tukachanga, tukakodi basi, tukasafiri naye usiku kucha hadi Magharibi. Rafiki zake wa miaka hamsini, aliocheza nao bao chini ya miti ya Kaloleni, walisimama kwenye lango la ukumbi kumuaga. Hawakuweza kuja. Wengi walikuwa wazee na nauli hawana. Alizikwa na watu waliomjua kwa barua na pesa alizotuma. Nadhani jambo hilo lilimkaa baba kooni.

Tulikuwa tumeketi nje, karibu na mwembe. Nikamwambia, baba, mjukuu wako anakwenda kuchukua kitambulisho, na wewe siku yako ikifika ungependa tukupeleke wapi?

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Walitujengea ukumbi hapa. Wakajenga maktaba, zahanati, shule, kiwanja. Tembea Kaloleni yote unionyeshe walikotenga makaburi."

Nikamjibu sijawahi kuyaona.

"Basi hawakutarajia tufie hapa," akasema, akamwita mjukuu wake amletee kiti kingine, jua lilikuwa limemfikia.

Kijana anakwenda Jumatatu. Nitaandamana naye, na nitaleta hapa atakachoandikiwa.